Si hulka yao, ni nafasi wanazopewa

Ndugu, unasema wanawake wa Kilatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kwenye filamu ni wakali na wa mapozi tu kwa sababu ndivyo walivyo. Hapana, wanaigiza wanachoandikiwa. Mwigizaji Rita Moreno, mzaliwa wa Puerto Rico, alishinda tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 1962 kwa kumwigiza Anita katika filamu ya West Side Story. Humo walimpaka vipodozi vya kumfanya mweusi kuliko ngozi yake, na nafasi ya Maria, msichana wa Puerto Rico, akapewa Natalie Wood, ambaye si Mlatino hata kidogo! Baada ya tuzo Moreno bado aliletewa nafasi zilezile, akazikataa, akakaa miaka bila filamu. Mwigizaji Lupe Ontiveros, Mmarekani wa asili ya Mexico, naye alikadiria ameigiza mfanyakazi wa ndani kama mara 150. Kipaji chote kile, kila siku ufagio. Inauma.