Umepewa 486 ya zamani? Usiichomeke kwanza

Mkuu, umeuliza kama uichomeke tu hiyo 486 uliyopewa na mjomba wako, yaani kompyuta ya miaka ya tisini yenye prosesa ya 486, ujue kama bado inafanya kazi, na kama kuna faida yoyote ya kuhangaika nayo siku hizi. La kwanza jibu lake ni fupi: usiichomeke. Shika bisibisi kwanza.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mashine yangu ya kwanza ya kizamani niliichomeka hata sijaifuta vumbi. Taa ikawaka, feni ikazunguka, nikashangilia. Dakika chache baadaye nikasikia "paa!", moshi mzito ukatoka kwa nyuma, na chumba kikanuka siku tatu. Ilikuwa kapasita ya kuchuja umeme, ile inayokaa pale umeme wa ukutani unapoingilia kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. Nyingi za zamani ni karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki ngumu. Plastiki ikizeeka inapata nyufa, karatasi inanyonya unyevu wa hewani, na umeme ukirudi baada ya miaka ya ukimya, inapasuka. Siku hizi naibadilisha kabla ya jambo lolote. Ila ndani ya pawasaplai umeme hubaki hata ukishachomoa waya, kwa hiyo kama hujazoea, mpe fundi. Monita ya zamani ya kioo kinene usiifungue kabisa.

Adui mkubwa wa 486 lakini ni betri. Fungua kava, angalia kwenye ubao mama karibu na tundu la kibodi. Ukiona kitu mfano wa pipa dogo, mara nyingi la rangi ya buluu, kimelehemewa pale, ndiyo yenyewe: betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, kazi yake kutunza saa na mipangilio mashine ikizimwa. Ikizeeka inavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba. Utaona unga mweupe kwenye ncha zake, halafu ukijani unaotambaa kuelekea kwenye chipu za jirani. Ikate hata kama inaonekana safi. Inayoonekana safi leo itavuja kesho.

Majimaji hayo ni alikali, ndiyo maana dawa yake ni siki. Chovya mswaki mkuukuu, sugua pole pole, utaona povu dogo likichemka. Likikoma, suuza kwa maji safi, pitisha spiriti, acha ikauke siku mbili kamili. Kisha chukua mita ya umeme upime njia moja baada ya nyingine kama bado zinapitisha. Kwenye bodi yangu moja zilikatika tatu, zote za kibodi, nikaziunga kwa waya mwembamba kama unywele chini ya lenzi. Ilinichukua Jumamosi nzima, na kibodi ilipoitika nilikaa naangalia herufi zinavyotokea kama mtoto.

Diski kuu ya miaka hiyo ikigoma kuzunguka, usikate tamaa. Kadi za CompactFlash, zile kadi za kumbukumbu za kamera za zamani, zinaweza kukaa mahali pake, maana zinaelewana na IDE, yaani njia ya kuungia diski kuu, kwa adapta rahisi isiyo na akili yoyote ndani. Angalizo tu: BIOS za 486 nyingi, yaani ile programu ya kuiwasha mashine, haziwezi kuona zaidi ya MB 504, kwa hiyo tafuta kadi yenye ujazo mdogo. Na flopi, zile diski bapa za plastiki, kabla hujaziingiza, sogeza kile kifuniko cha chuma uangalie sahani laini ya ndani. Ukiona madoa ya ukungu, iache. Flopi moja yenye ukungu huchafua kichwa cha kusomea, nacho kitakwangua zote zinazofuata.

Sasa hilo la faida. Mimi yangu naitumia kuandikia. Nafungua WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya mwaka 1989: skrini ya buluu tupu, na pale chini kulia mstari mmoja unaokuambia uko ukurasa gani, mstari wa ngapi. Hakuna kinachoruka mbele ya macho, hakuna ujumbe unaoingia. Nikimaliza nahamisha kadi kwenye kompyuta ya kisasa, na LibreOffice, programu ya kuandikia ya siku hizi, inalifungua faili hilo bila shida. Kwa uandishi mrefu sijapata chombo kizuri kuliko hicho. Kuna wanaokusanya na kupanga kabatini, ni haki yao, ila mimi naona mashine isiyowashwa inakufa polepole bila mwenyewe kujua.

Jambo la mwisho, na hili nakusihi. Diski ya mjomba ikizunguka hata mara moja, usiweke chochote kipya. Nakili kila kitu kwanza, hasa mafaili usiyoyaelewa, kwa sababu huenda haitazunguka tena. Kwenye moja ya zangu nilikuta barua 40 za mwenye mashine wa kwanza. Nikazichapa, nikampelekea. Alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuziandika.

Ukishafungua kava, piga picha ile kona ya betri uiweke hapa tuione.