Imla ni ya darasani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha tano na anapenda historia. Katika insha yake kuhusu Athens ya kale ameandika kwamba Peisistratos alikuwa "dikteta mwema". Mwalimu wake amekata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "mtawala wa kiimla". Nani yuko sahihi? Na jina liandikwe Peisistratos au Pisistrato? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Mtoto kakosea kidogo, mwalimu kakosea sana, na wino mwekundu hausaidii kitu.

Tummalize mtoto kwanza. Dikteta kilikuwa cheo cha Warumi: dola ikiwa hatarini, mtu mmoja huteuliwa kisheria kushika mamlaka yote kwa muda usiozidi miezi 6, kisha anarudi kwake. Peisistratos alifariki mwaka 528 au 527 KK, wakati Warumi, kwa masimulizi yao wenyewe, bado wana wafalme. Kumwita dikteta ni kumvika kanzu ambayo haijashonwa. Lakini neno limeshazoeleka. Siku hizi hata mwenyekiti wa kamati ya harusi akigoma kusoma hesabu za michango anaitwa dikteta, nami nimechoka kupigana nalo. Lipite.

Kiimla ndiyo isiyopita kwangu.

Imla anaijua kila aliyekaa kwenye dawati la shule ya msingi. Mwalimu anasimama mbele, anasoma taratibu: "Asha alikwenda sokoni, mkato, akanunua nazi mbili, nukta." Ninyi mmeinama mnaandika, na aliyeandika "akanunuwa" kakosa alama yake. Basi, imla imekwisha. Neno lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na kazi hiyo, na kazi hiyo inalitosha. Bila shaka akatokea mfasiri mmoja akaona kwamba Kiingereza kina shina moja, dictate na dictator, kwa mwalimu anayesomea watoto waandike na kwa mtawala asiyetaka kusikia la mtu. Akafungua kamusi, akaiokota imla, akaibandika ki- kichwani, akaenda kulala. Waarabu wenyewe mtawala wa namna hiyo humwita taghia. Sisi tumebaki na rais anayesahihisha tahajia. Kamusi zikalipokea, magazeti yakalishangilia, na leo kila serikali yenye mkono mzito ni "ya kiimla". Msemaji anajiona kanena la kisomi, kumbe msikilizaji hakuambiwa huyo mtawala kafanya nini.

Peisistratos ananifaa hapa kuliko yeyote, kwa sababu mtu huyu hakuipata nchi kwa kuamuru. Mara ya kwanza, yapata mwaka 561 KK, alijijeruhi kwa mkono wake, akawajeruhi na nyumbu wake, akaingia na mkokoteni hadi sokoni akilia kwamba maadui wamemvamia njiani. Watu wakamhurumia, wakampa walinzi wenye marungu, na kwa marungu hayo hayo akaiteka ngome yao, Akropoli. Baadaye wakamfukuza.

Mara ya pili, na hapa mniwie radhi maana napapenda mno, alipatana na Megacles, hasimu wake wa jana. Wakamtafuta mwanamke wa kijiji cha Paiania aitwaye Phye. Herodotus, mwanahistoria wa kale, anatupa hata kipimo chake: dhiraa nne kasoro vidole vitatu, na sura njema juu yake. Wakamvika deraya, wakampandisha garini, wakamfundisha namna ya kusimama aonekane ana haiba, kisha wakatanguliza wapiga mbiu mjini: enyi Waathene, mpokeeni Peisistratos kwa moyo mmoja, Athena mwenyewe anamrudisha ngomeni kwake! Na wakampokea. Walimwinulia mikono binti wa Paiania wakidhani ni mungu wao. Herodotus, Mgiriki, anaona haya kulisimulia. Anasema ni hila ya kijinga kupita kiasi, tena imewapata Waathene, waliosifika kwa akili kuliko Wagiriki wote. Sasa nioneshwe aliyesomewa imla hapo. Phye, labda, alipofundishwa kusimama.

Nchi ikamponyoka tena. Mabavu matupu yalikuja mara ya tatu tu, mwaka 546 KK, alipotua na mamluki na fedha alizochuma pande za mlima Pangaion, huko kaskazini. Pale Pallene, karibu na Athens, aliwakuta Waathene wameshakula, wengine wanacheza dadu, wengine wamejilaza. Kwa hiyo hata "mtawala wa mabavu", neno ninaloliheshimu, linamfaa sawasawa mara moja tu kati ya tatu.

Na alipokwisha kukaa? Sheria za Solon, mtunga sheria wa Athens aliyemtangulia, aliziacha zilivyo. Habari zinazohusishwa na Aristotle zinasema aliwahi kushitakiwa kwa mauaji mbele ya baraza la Areopago, akaja mwenyewe kujitetea. Aliyeingia mitini ni mshitaki. Hapo pana utawala mzima, mama. Hakuna amri iliyotolewa, hakuna sheria iliyobadilishwa, na bado mtu kajua la kufanya. Ukiandika "kiimla" yote hayo umeyafuta.

Wagiriki walimwita tyrannos, neno ambalo huenda walilikopa kwa majirani zao wa Lydia, Uturuki ya leo, na mwanzoni lilimaanisha tu aliyeishika nchi bila kurithishwa kihalali wala kuchaguliwa. Matusi yalikuja baadaye, Hipparchus mwana wa Peisistratos alipouawa mwaka 514 KK, na Hippias, nduguye aliyebaki, akageuka mkatili hadi Wasparta wakamtoa mwaka 510 KK. Hippias huyo huyo akarejea uzeeni na jeshi la Waajemi, Marathon, mwaka 490 KK. Baada ya hapo nani angelitetea neno la baba yake?

Kwetu pwani husemwa fulani aliitwaa nchi. Basi huyu ni mtwaa nchi, kama tulivyo na mla rushwa na mvunja sheria. Linaeleza alivyoingia, na wema au ubaya unabaki kuthibitishwa ndani ya insha. Nduli simpi, hilo Watanzania walimpa Idi Amin wakati wa vita vya Kagera, na alilistahili. Kuna atakayenishauri "aliyejitawaza", lakini wapwani wanajua tena kutawaza kunafanyika wapi, na kopo la maji likiwa mkononi.

Mtoto arudishiwe alama yake, ila "mwema" alitolee ushahidi. Aanze na mkulima wa mlima Hymettus aliyekuwa akichimba mawe. Alipoulizwa shamba linampa nini, akajibu: maumivu na machungu, na hayo pia Peisistratos achukue fungu lake la kumi. Hakujua anayeuliza ametumwa na nani. Peisistratos alicheka, akamfutia kodi zote.

Jina liandikwe Peisistratos. Pisistrato nalivumilia, kwa kuwa Biblia imeshatuzoesha Aristarko na Epafrodito. Ila mwanao akiandika Pisistratasi, mwalimu na achovye wino.