Mbegu ya NERICA unaweza kuitunza mwenyewe

Kaka, umeuliza kama NERICA, ile jamii ya mpunga iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, ni chotara, yaani ukishavuna lazima urudi dukani msimu ujao. Hapana, hapo mambo mawili yamechanganywa.

Chotara aina ya kule China, ule wa mtafiti Yuan Longping wa miaka ya 1970, kweli hununuliwa kila msimu. Ukipanda ulichovuna, mimea haifanani na mavuno yanashuka. NERICA ni habari nyingine. Ni mpunga wa Asia uliokutanishwa na ule wa asili ya Afrika, kazi ya mtafiti Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake miaka ya 1990. Watoto wa kwanza walikuwa karibu wote tasa, ikabidi viinitete, yaani mimea michanga iliyo ndani ya mbegu, vilelewe maabara, na mimea hiyo ichavushwe tena na mzazi wa Asia hadi mbegu ikatulia, yaani kila kizazi kikafanana na kilichotangulia. Ikishatulia, mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo unachovuna ndicho utakachopanda.

Adui wako ni mchanganyiko. NERICA 4 yako, moja ya aina za NERICA, ikianikwa pale palipoanikwa mpunga wa Supa wa jirani, kwisha habari! Tenga kipande cha mbegu, pita mpunga ukiwa umechanua, ng'oa kila shina lililozidi wenzake kimo au lililochelewa kutoa suke, kisha pigia kwenye turubai lililokung'utwa. Hata hivyo, baada ya misimu mitatu hivi nunua mbegu mpya iliyothibitishwa.

Na yenye harufu nzuri ni NERICA 1. Usije ukamuuzia mtu 4 ukamwambia inanukia.