Kabla ya kuandika alkoholi, tafuta kabokationi

Mwaka wa kwanza chuoni nilikosa swali ambalo niliingia nalo mtihanini nikiwa na uhakika nalo. Tulipewa 3,3-dimethaili-1-buteni (alkeni, yaani yenye bondi maradufu kati ya kaboni mbili), maji na asidi ya salfuriki, tuandike alkoholi itakayopatikana. Kanuni ya Markovnikov nilikuwa naijua tangu kidato cha tano: mwenye nacho huongezewa. Haidrojeni inakwenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi, OH, lile kundi la oksijeni na haidrojeni linaloifanya alkoholi iwe alkoholi, inakwenda kwa jirani yake. Nikaandika 3,3-dimethaili-2-butanoli, nikafungua ukurasa mwingine.

Markovnikov, mkemia Mrusi, aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1870, elektroni ikiwa bado haijagunduliwa. Aliona matokeo tu. Sisi tunajua kinachopita katikati, na hapo ndipo, mdogo wangu, unapaswa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Protoni ya asidi hunyakua elektroni za bondi maradufu, na kaboni moja inabaki na chaji chanya. Hiyo ndiyo kabokationi. Kabokationi iliyoshikana na kaboni tatu hutulia kuliko iliyoshikana na mbili. Kwenye swali langu chaji ilikaa penye kaboni mbili, na mlango wa pili kulikuwa na kaboni iliyobeba methaili (CH3) tatu. Methaili moja ikahama na elektroni zake, chaji ikahamia ilikotoka methaili, na maji yakashika huko. Jibu kuu lilikuwa 2,3-dimethaili-2-butanoli. Kwa hiyo ukiona asidi, chora kabokationi kwa penseli, kisha angalia majirani zake kabla hujaandika OH.

Jibu langu lingepatikana kwa njia ya asetati ya zebaki, ikifuatwa na borohaidraidi ya sodiamu. Zebaki hushikilia kaboni zote mbili kama daraja, kwa hiyo chaji haipati nafasi ya kuzurura na hakuna kinachohama. Lakini zebaki ni sumu. Mabaki yake yasimwagwe kwenye sinki kamwe.

Ukitaka OH ikae mwishoni kabisa, tumia borani, kampaundi ya boroni na haidrojeni. Njia hii ni kazi ya Herbert C. Brown, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, na mimi naipenda kuliko zote. Boroni hukaa kwenye kaboni isiyo na msongamano, haidrojeni kwenye ile nyingine, kwa mpigo mmoja. Baadaye peroksaidi ya haidrojeni pamoja na haidroksaidi ya sodiamu huiondoa boroni na kuweka OH palepale. Buteni yetu inatoa 3,3-dimethaili-1-butanoli. Alkeni moja, alkoholi tatu tofauti.

Juu ya mshale wa mmenyuko andika namba 1 (borani) na 2 (peroksaidi). Wanafunzi ninaowafundisha hurundika borani na peroksaidi mahali pamoja, na wanapoteza alama kwa haki, kwa sababu peroksaidi huingia borani ikishamaliza kazi yake.

Ukishaiweza hiyo, jaribu 1-methailisaiklohekseni kwa borani. Haidrojeni na boroni huingia kwa upande uleule wa pete, na OH hurithi nafasi ya boroni. Chora pete, weka haidrojeni na OH zote juu. Methaili utaikuta imesukumwa chini.