NAS haionekani mtandaoni baada ya kupiga Debian: kabla hujarudia, tafuta imekwama wapi

Mkuu, nimesoma maelezo yako hadi mwisho. Una NAS (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) ndogo ya diski mbili, prosesa ni Marvell Kirkwood 88F6281, umeipata ya mtumba, na umetandaza mafaili ya Debian 12 (mfumo wa Linux) uliyopakua kwenye flashi ukaichomeka nyuma. Taa ya mbele inapepesa rangi ya chungwa bila kukoma, kwenye ruta hakuna kifaa kipya, na umeshafuta flashi na kusakinisha upya mara kadhaa. Sasa unauliza kama bodi imekufa ununue nyingine.

Usinunue. Na tafadhali usisakinishe tena kwanza. Vifaa vya aina hii nimevishughulikia kwa miaka mingi, vyangu na vya watu, na karibu vyote nilivyoletewa kwa jina la "kimekufa" vilikuwa vinawaka vizuri kabisa hadi mahali fulani, halafu vinakwama. Ukipajua mahali hapo, marekebisho huwa ni mstari mmoja au miwili. Usipopajua, utasakinisha mpaka flashi ichakae na matokeo yatakuwa yale yale, maana unafuata maelekezo yale yale.

Kifaa hiki huwaka kwa hatua. Prosesa inasoma U-Boot (programu ndogo ya kuwashia) kutoka kwenye NAND, kumbukumbu ya kudumu iliyo kwenye bodi. U-Boot inaamsha USB, inatafuta kerneli (kiini cha Linux) kwenye flashi na kuipakia kwenye RAM. Kerneli inatafuta patisheni ya root, yaani sehemu ya flashi yenye mfumo wenyewe. Root ikipatikana, systemd (msimamizi wa huduma) inaanza kuwasha huduma, mtandao na SSH (njia ya kuingia kwa mbali) zikiwamo. Kukwama kwenye hatua yoyote kati ya hizi kunaonekana sawa kabisa ukiwa umekaa kwenye kompyuta yako: hakuna jibu. Hiyo taa ya chungwa nayo isikutishe. Kwenye mashine nyingi za namna hii U-Boot huiacha ikipepesa, na programu ya kiwandani ndiyo iliyokuwa inaituliza mwishoni. Debian haina habari nayo mpaka uielekeze. Taa ya tundu la mtandao pia haithibitishi kitu, kwa sababu chipu ya mtandao inaweza kukubaliana na swichi yenyewe hata kama kerneli haijaanza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Washa NAS, iache dakika kumi, izime, chomoa flashi uipeleke kwenye laptopu yenye Linux. Ipachike (mount) kwenye /mnt kisha andika amri hii inayosoma jarida, yaani kumbukumbu za mfumo:

journalctl -D /mnt/var/log/journal --list-boots

Usiangalie tarehe. Saa ya kifaa inaweza kuwa na betri iliyokufa na ikaandika tarehe ya zamani. Angalia tu kama kuna kumbukumbu yoyote. Ikiwapo, hiyo ni habari njema sana: U-Boot imefanya kazi, kerneli imewaka, root imepatikana na kuandikwa. Tatizo lako limebaki kwenye hatua ya mwisho, na hapo kuna wahusika wawili ambao nawakuta kila mara.

Wa kwanza ni fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka. Umesema ulishaandika mistari ya diski zako mbili kwenye /etc/fstab. Systemd ikikuta diski iliyotajwa humo haipo, au UUID yake (kitambulisho chake) imebadilika kwa sababu uliifomati upya, inaisubiri sekunde 90, kisha inaacha kuwasha mengine yote na kuingia hali ya dharura. Kwenye kompyuta yenye skrini ungeona ujumbe na kuandika nenosiri. Kwenye NAS isiyo na skrini hakuna mtandao, hakuna SSH, na kama akaunti ya root imefungwa hata huo mlango wa dharura haufunguki. Jamaa mmoja aliniletea kifaa chake akiwa na uhakika kwamba radi imeunguza bodi. Kumbe alikuwa ametoa diski moja kumpa ndugu yake, na mstari wake ulikuwa bado umo. Kila mstari wa diski ya data uandike hivi:

UUID=... /data ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s 0 2

Neno nofail ndilo linalookoa. Mimi siachi kifaa chochote kisicho na skrini bila neno hilo, hasa kwetu ambako umeme unakatika na kurudi bila taarifa, na diski iliyozimwa ghafla huweza kuchelewa kuamka.

Wa pili ni jina la kadi ya mtandao. Mafaili uliyopakua yalitayarishwa kwenye mashine nyingine. Kama ndani yake kuna /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules, basi jina eth0 limeshahifadhiwa kwa anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi) ya mashine ile, na yako inaweza kupata jina jingine, ilhali /etc/network/interfaces inamngoja eth0 tu. Futa faili hilo. Kwenye bodi nyingine majina ni end0 au enp1s0, na ukitafuta neno "renamed" kwenye jarida utaona limebadilishwa kuwa nini. Nimechoka kubahatisha majina, kwa hiyo siku hizi naondoa mistari ya eth0 kwenye interfaces na kuweka faili /etc/systemd/network/10-waya.network lenye maneno haya:

[Match]
Name=e*

[Network]
DHCP=yes

Kisha, ukiwa bado kwenye laptopu: systemctl --root=/mnt enable systemd-networkd. Kadi yoyote ya waya, iitwe vyovyote inavyotaka kuitwa, itaomba anwani kwa ruta.

Kuna mbinu nyingine ambayo watu wengi hawaitumii. Chomeka waya wa mtandao moja kwa moja kati ya laptopu na NAS, kisha andika ping -c3 ff02::1%eth0 ukiweka jina la kadi ya laptopu yako mahali pa eth0. Mashine ya Linux iliyoamsha kadi yake hujibu kwa anwani yake ya IPv6 inayoanza na fe80 hata kama haijapewa anwani yoyote na ruta, na unaweza kuingia kwa SSH kupitia anwani hiyo hiyo ukimalizia na alama ya asilimia na jina la kadi. Ukijibiwa "Permission denied", furahi. Kifaa ki hai. Debian hairuhusu root kuingia kwa nenosiri, basi weka ufunguo wako wa SSH kwenye /root/.ssh/authorized_keys kupitia laptopu.

Sasa, kama jarida ni tupu kabisa, kerneli haikufika kwenye root, na hapo hakuna ujanja mwingine: fungua kifuniko, utafute pini za seriali, ambazo kifaa hutolea maandishi yake kinapowaka. Najua wengi wanaogopa hatua hii, ndiyo maana naieleza kwa urefu. Kebo ya USB-TTL yenye chipu ya CP2102, CH340 au FT232 inapatikana Kariakoo na haina bei ya kutisha. Hakikisha ni ya volti 3.3. Usitumie tundu la COM la kompyuta ya zamani moja kwa moja, lile linatoa volti nyingi mno, chanya na hasi, na litaua prosesa. Kwenye bodi tafuta pini nne zilizo kwenye mstari, au matundu manne yasiyo na pini. Kama ni matundu, fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu atakuchomelea pini.

Kujua pini ipi ni ipi, tumia mita. Umeme ukiwa umezimwa, pini inayolia pamoja na chuma cha nje cha tundu la adapta ni GND (ardhi). Washa: pini iliyotulia kwenye 3.3 bila kutikisika mara nyingi ni ya umeme, na hiyo usiiguse kabisa, NAS ina umeme wake. Pini inayochezacheza kati ya volti sekunde za mwanzo ni TX (ya kutuma), maana ndipo U-Boot inapozungumza. Iliyobaki ni RX (ya kupokea). Unganisha GND kwa GND, TX ya bodi kwa RX ya kebo, RX ya bodi kwa TX ya kebo. Kisha kwenye laptopu andika picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0, na ndipo uwashe NAS. Ukipata herufi za ajabu, kasi si sahihi. Ukipata ukimya, badilishana TX na RX kabla hujakata tamaa.

Utaona "Hit any key to stop autoboot". Bonyeza, kisha kabla ya jambo lolote lingine andika printenv (inaonyesha mipangilio ya U-Boot) na uhifadhi maneno yote kwenye faili kwenye laptopu. Humo mna ethaddr, anwani ya MAC ya kadi yako. Hayo yakifutika, kifaa kinaweza kuja na MAC nyingine kila kinapowaka, na kila ulichokipangia kwenye ruta hakitashika. Usiandike saveenv (inayohifadhi mabadiliko moja kwa moja) mpaka umejaribu amri kwa mkono na zimefanya kazi. Na amri zinazoanza na nand erase usizinakili kutoka popote bila kujua zinafuta nini, ingawa kwa familia hii ya prosesa kuna programu inaitwa kwboot inayoweza kupeleka U-Boot kupitia waya huo huo wa seriali hata NAND ikiharibika.

Wacha nikwambie ninachokitarajia kwenye kesi yako. U-Boot nyingi za kiwandani za enzi ile, kwa mifumo ya mafaili ya aina ya ext, zinasoma ext2 ya kizamani tu. Wewe ulifomati flashi kwa mkfs.ext4 ya laptopu ya leo. Tangu e2fsprogs (kifurushi chenye mkfs.ext4) 1.43 ya mwaka 2016, ext4 mpya huja na vipengele vya 64bit na metadata_csum vikiwa vimewashwa, na U-Boot ya zamani haielewi. Itakuambia imeshindwa kusoma uImage (kerneli iliyofungashwa kwa ajili ya U-Boot) wakati faili lipo palepale. Gawa flashi: patisheni ya kwanza ya megabaiti mia tatu hivi kwa mkfs.ext2 -I 128, weka humo uImage na uInitrd (initrd, mfumo mdogo wa muda unaoisaidia kerneli kuipata root). Ya pili iwe ext4 ya kawaida kwa root, ipe lebo rootfs. Halafu kwenye U-Boot:

setenv bootargs console=ttyS0,115200 root=LABEL=rootfs rootdelay=10
usb start
ext2load usb 0:1 0x800000 /uImage
ext2load usb 0:1 0x1100000 /uInitrd
bootm 0x800000 0x1100000

Usiandike root=/dev/sda2. Ukiwa umetoa diski flashi ni sda, ukizirudisha inaweza kuwa sdc, na utashangaa kwa nini kifaa kinawaka mezani na kinakataa kikirudishwa kabatini. Lebo inaondoa tatizo hilo, lakini lebo inasomwa na initrd. Ukisahau kupakia uInitrd utapata "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)".

Ukifika "Uncompressing Linux... done, booting the kernel." kisha kimya, kuna mawili. Ama console= imekosewa na kerneli inaendelea bila kukuonyesha, ama kerneli imekufa kwa kukosa DTB, faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi. Kuzitofautisha rudia kipimo cha flashi: jarida likiwa na kitu, ni console, likiwa tupu, ni DTB. Kerneli ya Debian 12 inaitegemea DTB, na U-Boot ya zamani haijui kuipeleka, kwa hiyo inabandikwa mwishoni mwa kerneli kwa cat kabla ya mkimage, programu inayotengeneza uImage. Mafaili ya kirkwood-*.dtb yako ndani ya /usr/lib/linux-image-…-marvell. Chagua la modeli yako halisi. La modeli jirani linaweza kuwasha kerneli na bado ukakosa mtandao au SATA.

Mengine kwa haraka. Jaribu kuwasha bila diski hata moja: diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, na adapta iliyochoka haiwezi kuziamsha mbili pamoja. Flashi yako ipime kwa f3probe, programu inayopima ukubwa wake wa kweli, ila ujue kipimo hicho kinaweza kufuta data, kwa hiyo fanya kabla ya kuandika mfumo. Flashi za uongo zinazodai GB 64 zimejaa sokoni, na mfumo ulioandikwa nje ya ukubwa wa kweli hupotea bila kosa lolote kuonekana.

Na kikiwaka, baki Debian 12. Usipandishe kwenda 13 iliyotoka Agosti 2025. Humo usanifu wa armel (wa prosesa za ARM za zamani kama yako) hauna tena programu ya kusakinisha, na vifurushi vya kerneli vimebaki kwa Raspberry Pi 1, Zero na Zero W tu. Ukipandisha, programu zitakuwa mpya na kerneli ya Kirkwood haitapata matoleo tena.

Anza na flashi usiku huu. Likiwamo jarida, bandika hapa fstab yako na mistari yenye "renamed". Kama ni tupu, tafuta kebo, kisha bandika kila kilichotoka kuanzia neno "U-Boot" hadi mstari wa mwisho kabisa, bila kukata katikati. Nitayasoma yote.