Mgonjwa Habebwi, Anatelezeshwa

Wauguzi wenzangu wa wodi za mifupa na za wagonjwa mahututi mtanielewa bila maelezo marefu. Asubuhi unakabidhi zamu, unapanda daladala, ukifika kituoni unashuka umeshika mlango kwa mikono miwili. Nyumbani wanadhani ni usingizi tu, kumbe ni mgongo, kwa kunyanyua wagonjwa usiku kucha.

Chuoni tuliambiwa tukunje magoti, tunyooshe mgongo, ndipo tunyanyue. Kwa ndoo ya maji, sawa. Mgonjwa hana mpini wa kushikia, na anaweza kukukaba shingo mkiwa katikati. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, inataja kikomo cha takriban kilo 16 kwa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono, tena akiwa mtulivu. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 80 unakaribia kilo 13. Kwa hiyo habari za "huyu dada ana nguvu" tuziache.

Mimi nategemea shuka. Likunje mara mbili, lipite chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Kila upande mviringishe kingo zake mpaka ngumi ziguse ubavu wa mgonjwa. Ukishika mbali, mabega yako ndiyo yanayolipa. Mmoja ahesabu, mvute pamoja. Makintoshi, lile shuka la mpira la kukinga godoro, itoeni kwanza, maana ule mpira unang'ang'ania. Mkimhamishia kwenye machela, ishusheni kidogo kuliko kitanda na mfunge breki za vyote viwili. Breki husahaulika sana!

Usiku ukiwa peke yako, na mgonjwa anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, patana mapema na mwenzako wa wodi ya jirani: saa nne aje kwako, ukitoka hapo uende kwake. Usisubiri mpaka shuka limelowa ndipo uanze kuita watu.

Kuinama nako kunaumiza, ila hakuna anayekuhesabia. Kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji kunaweza kukuchukua dakika kumi umepinda kiuno. Vuta stuli, kaa. Wapo masista wakubwa watakaokuona mvivu, kaa tu.

Halafu ile tabia ya kuchomana sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye chumba cha dawa ili zamu iishe. Tumbo na figo zinaumia, na kesho unambeba mgonjwa yuleyule. Bora maumivu yaandikwe kwenye kitabu cha matukio, siku hiyohiyo, pamoja na kazi uliyokuwa ukifanya. Kwa Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu sekta ya umma na binafsi, lakini dai lisilo na maandishi lina safari ndefu.

Ukianza kufa ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea au mkojo ukikushinda, usimalize zamu. Nenda dharura saa hiyohiyo, na sare yako mwilini.