Paka wa shelta amejificha uvunguni hatoki? Mwache huko huko

Watu ninaowajua wakichukua paka pale KSPCA Karen, ile shelta ya wanyama hapa Nairobi, haipiti siku mbili tatu napigiwa simu, na maneno ni yale yale, huyu paka hanitaki, kaingia uvunguni hatoki, chakula hali, nikiinama kumtazama ndo kwanza anazidi kurudi nyuma, na wengine washaanza kuuliza kama wanaweza kumrudisha wapewe mwingine mchangamfu. Na mimi nawajibu vilevile kila mara: mwache. Toka chumbani, rudisha mlango, nenda kapike.

Sio mzaha. Paka anashika mahali kabla hajashika mtu. Mbwa mradi mwenyewe yupo atatulia popote, lakini paka usalama wake ni kujua kila kona ya alipo, pa kukimbilia ni wapi na harufu zipi ni zake, ndo maana unamwona anasugua mashavu kwenye miguu ya viti na kwenye milango, anaacha harufu yake pale. Kule shelta, hata kama mbwa wanabweka kutwa, ashapazoea, anajua saa ya chakula na sauti ya anayekileta. Halafu siku moja anatiwa kikapuni, anapitishwa Lang'ata Road matatu zinapiga honi kushoto kulia, anakuja kufunguliwa katikati ya sebule inayonukia dawa ya sakafu, tivii iko juu, na watoto wanagombania nani ambebe kwanza. Jamani, wewe ungekaa hapo upige picha?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni nafasi ndogo. Usimpe nyumba nzima siku ya kwanza, mpe chumba kimoja, chumba cha wageni, stoo yenye dirisha, hata bafu la pili kama linakaa kavu. Wenye bedsita msijione mmetengwa, kona moja nyuma ya kiti na pazia limeshushwa inatosha, bora isiwe njia ya watu. Muweke na kikapu chake alichokuja nacho, kiache wazi na kile kitambaa chenye harufu ya shelta usikifue. Najua kinanuka. Usikifue.

Maboksi nayo usiyadharau. Omba boksi supermaketi, lilaze ubavu au litoboe mlango, weka nguo uliyoivaa ndani. Kuna watafiti wa Utrecht kule Uholanzi walilipima hili mwaka 2014 kwa paka wapya wa shelta, waliopewa boksi la kujificha walitulia haraka kuliko wasiopewa. Yaani kujificha ndo njia yake ya kutulia, ukimtoa unamrudisha mwanzo. Ila kabla hajafika ziba zile sehemu ambazo akiingia hutamfikia, nyuma ya friji, chini ya sinki penye tundu la bomba, nyuma ya jiko la gesi. Unataka ajifiche mahali ulipopachagua wewe.

Karai la mchanga liwe kubwa, yeye aweze kugeuka ndani, na likae mbali na chakula maana hakuna kiumbe anayependa kula chooni. Mchanga wa dukani ni ghali, najua, mimi kuna miezi natumia maranda kutoka kwa fundi wa mbao na mambo yanaenda, lakini zile wiki za mwanzo uliza shelta walikuwa wanatumia nini umpe hicho hicho. Chakula vilevile. Kama alikuwa anakula chakula kikavu cha aina fulani endelea nacho, na ukitaka kubadilisha changanya kidogo kidogo kwa wiki moja hivi hadi siku kumi, la sivyo utasafisha kuhara. Omena za kuchemsha bila chumvi ni sawa kama kionjo. Ugali na maziwa, ile menyu tuliyokuta kwa wazee, haimfai, paka ni mla nyama wa kweli na wengi wakishakua maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Na mabaki ya mchuzi hapana kabisa, kitunguu na kitunguu saumu vinamharibia damu.

Sasa nije kwenye kile ninachokiangalia mimi mwenyewe, manake hapa ndo watu wanapotea. Watu wanapima paka amezoea kwa kuangalia kama anakubali kubebwa. Mimi naangalia sahani na karai. Kadogo, yule jike wangu wa milia, wiki ya kwanza mchana nilikuwa simwoni kabisa, lakini asubuhi sahani ni tupu na karai limetumika, basi nikajua huyu yuko sawa, usiku anatoka kufanya doria yake. Paka wa hivyo hana shida, ana ratiba tu ambayo haikuhusu.

Lakini kama sahani haiguswi hapo ni habari nyingine, na hapa sitaki mtu aniambie "si ulisema nimwache". Paka aliyekaa siku nzima bila kula chochote, jaribu kumshawishi, pasha chakula kidogo kitoe harufu, mpe samaki au kuku wa kuchemsha bila viungo. Ikiingia siku ya pili hajala, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje ya tatu, manake paka akikaa na njaa mwili unavuta mafuta kupeleka kwenye ini hadi ini linazidiwa, na wanene ndo wako hatarini zaidi. Kingine ni dume anayeingia karaini tena na tena, anakaza, analia, na mkojo hautoki au unatoka matone. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mawazo ya kuhamishwa yanachangia ugonjwa huo, sio uchawi wa jirani.

Na chafya. Sultani, dume langu la pili, alitoka shelta akiwa mzima kabisa, ana chanjo zote kwenye kadi, na baada ya wiki hivi akaanza chafya na macho kutoa machozi, shemeji yangu akasema umeuziwa paka mgonjwa. Haikuwa hivyo. Kuna kirusi cha herpesi cha paka (hakimwambukizi mtu, msitishike) ambacho paka wengi walishakipata wakiwa wadogo na hakiondoki mwilini, kinalala tu, akipata mshtuko wa kuhama kinaamka. Chanjo inapunguza makali, haikifuti. Wengi wanapona wenyewe wakila vizuri na kukaa pasipo baridi, ila macho yakijaa usaha au pua ikiziba hadi hasikii harufu ya chakula, daktari.

Ukiwa kule chumbani naye, kaa chini. Sio kitandani, chini sakafuni, na umpe mgongo kidogo, soma simu yako, ongea na mtu taratibu azoee sauti. Usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho polepole na ufumbue, watafiti wa chuo cha Sussex Uingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba paka wanarudisha ishara hiyo, na wanamsogelea kirahisi zaidi mgeni anayewafanyia hivyo. Mimi mume wangu alinicheka, eti unamkonyezea paka. Leo anamkonyezea yeye. Akija kukunusa toa kidole kimoja, umguse shavuni au chini ya kidevu, tumbo liache hata akijilaza chali, kuonyesha tumbo ni kukuamini, kuligusa ni mambo mengine na kucha utaziona.

Mtasikia hesabu ya siku 3, wiki 3, miezi 3: siku tatu za hofu, wiki tatu za kujifunza nyumba, miezi mitatu ndo anajiona mwenyeji. Ni mwongozo mzuri kwa makadirio lakini kuna watu wanaufanya kama kalenda ya mtihani, wiki ya nne paka hajapanda mapajani wanaona amefeli. Kipaka aliyezoeshwa watu mapema, ile wiki ya pili hadi ya saba ya maisha yake, anaweza kukupandia kichwani siku ile ile. Aliyekulia nyuma ya jaa la soko akashikwa ashakomaa anaweza kuchukua nusu mwaka, na wengine hawawi paka wa kubebwa milele, wanakaa futi mbili kutoka kwako kila jioni na hiyo ndo mapenzi yao. Ukitaka wa kubebwa, sema hivyo kule shelta kabla hujachagua, wale wafanyakazi wanawajua paka wao na watakuonyesha.

Mimi nimekulia Mombasa, Mji wa Kale, na huko paka ni wa mtaa mzima, wanalala barazani, wanajua saa ngapi muuza samaki anapita. Nyanya yangu alikuwa anatukumbusha hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani, kwa hiyo hatukuwahi kuona paka ni mgeni. Nadhani ndo maana sisi watu wa pwani tunashangaa sana paka akija akajificha, tumezoea wa baraza. Ila yule wa baraza alizaliwa pale pale, mtaa wote ni wake tangu hajafumbua macho. Sasa mchukue huyo huyo umlete fleti ya South B uone.

Halafu dada wa kazi. Hili watu wanalisahau na ndilo la kwanza. Yeye ndo anashinda na paka mchana kutwa, kama anamwogopa, au kwao aliambiwa paka mweusi ni jini, na wewe umeleta tu bila kumuuliza, paka atafukuziwa jikoni kwa ufagio na wewe utakuwa unajiuliza mbona hazoei. Keti naye kabla, muulize, muonyeshe, mpe yeye kazi ya kumlisha kama yuko radhi, anayelisha ndo anayependwa. Na mkubaliane habari ya mlango na madirisha. Grili za fleti zetu zinazuia mwizi, hazizuii paka, weka wavu kutoka hadweya, manake hii habari ya paka huanguka kwa miguu yake haimkingi na kuvunjika taya na kifua akitoka ghorofa ya nne. Mwambie na soja wa geti pia, akiona paka wa aina hii nje akupigie.

Dawa za nyumbani naomba mnisikilize. Paracetamol inaua paka, kidonge kimoja tu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin inaua paka, na dawa ya kupe ya ng'ombe usiifikirie kabisa hata mtu wa duka la dawa za mifugo akikwambia punguza na maji. Maua ya lili ukiletewa zawadi yaishie kwa jirani, hata unga wake tu akijilamba unaua figo. Na zile sumu za panya za barabarani, uliza jirani kama ametega.

Kama una paka mwingine tayari, usiwakutanishe uso kwa uso, mgeni akae chumbani kwake, badilishana vitambaa vyao wanuse, walishe pande mbili za mlango uliofungwa mpaka wale bila kunguruma, ndo ufungue kidogo. Makarai yawe idadi ya paka ongeza moja. Itachukua wiki, ikichukua miezi pia ni kawaida.

Usiku atalia au atakimbia korido nzima kama anafukuzwa, paka ni wa alfajiri na magharibi, chezana naye kamba kabla ya kulala kisha mpe chakula, shibe inamlaza. Ukiinuka kumlisha saa kumi kwa sababu amelia, umeshamfundisha, na usinipigie.

Panga tarehe pia. Usichukue paka wiki moja kabla ya kwenda ushago Desemba, na usimlete karibu na mkesha wa mwaka mpya fataki zinapolia. Chukua wakati una wikiendi tulivu mbele yako.

Na kwa wale wa nyumba za chini wenye ua, kumfungulia nje ngojeni. Angalau wiki tatu nne ndani, awe ashahasiwa, ashachanjwa kichaa cha mbwa, na anaitika ukitikisa kopo la chakula. Siku ya kwanza mtoe kabla hajala, mlango uuache wazi nyuma yake, dakika chache tu, kisha tikisa kopo.